Oveni ya Mkwe Wangu

Mlango wa sebule yangu uling'olewa Jumatano mchana, pamoja na fremu na bawaba zake, na aliyetoa amri ni mkwe wangu. Mie nilikuwa uani nachambua mchele. Nikasikia nyundo. Nilipoinuka nikakuta wanaume wanne wamelishika dude la chuma, kubwa kama kabati la nguo, na mlango wangu, ule alioufunga marehemu mume wangu kwa mkono wake, umelazwa mchangani.

"Mwanangu," nikamwambia mkwe, "hata majambazi hugonga kwanza."

"Nisamehe, Mama. Oveni haipiti. Imezidi vidole vitatu."

"Si mngepima?"

"Tulipima oveni, Mama. Hatukupima mlango."

Nikakaa chini palepale.

Sie tunakaa Gongo la Mboto, ndani kidogo ukitoka barabara ya Pugu. Mwanangu anaendesha lori la masafa, akiondoka leo tunamwona wiki ya tatu, kwa hiyo nyumbani tuko wawili, mie na mkewe, ndiye huyo mkwe wangu. Majina ya watu wote wa habari hii ninayo, na ya baba zao, na ya baadhi ya babu zao. Shule niliishia darasa la nne, basi kichwani palibaki nafasi, majina yakaingia yakakaa. Lakini hapa siyaandiki. Watu wako hai na wengine tunachota maji bomba moja.

Mkwe wangu ni mtu wa bara, Mkristo wa Kilutheri, na alikuwa karani katika ofisi ya mizigo kwa miaka tisa. Mwezi uliotangulia alikuwa ameiacha kazi hiyo. Aliacha kwa ajili ya maneno ya mtu mmoja, mwenye duka la jumla pale kituoni, Mwarabu wa hapahapa ambaye duka kalirithi kwa babu yake. Huyo alimwambia, "Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuja kuonja skonzi zako. Zikinipendeza, utaniletea mia nne kila alfajiri. Zisiponipendeza, nabaki na mwokaji wangu wa siku zote." Basi. Mkwe akakopa ujasiri, akaacha kiti cha ofisi, akanunua oveni. Kila kitu chake kilikuwa kinaingoja Jumamosi ile.

Nami si kwamba sijui kuoka. Nimeoka mkate wa sinia miaka arobaini, kwa makaa. Unaweka moto chini, unapalia makaa mengine juu ya mfuniko, na wewe katikati unamwomba Mungu. Adui yako mkubwa ni upepo. Ukiingia upepo, upande mmoja unaungua na upande wa pili mbichi. Nimewafukuza watoto na kuku mlangoni maisha yangu yote kwa ajili ya upepo.

Alhamisi asubuhi akaja wa kuifunga. Nilikuwa nimesimama pale palipokuwa na mlango. Nikaona dada wa miaka thelathini hivi, ovaroli ya bluu, buti miguuni, mkoba wa bisibisi begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Nikachungulia nyuma yake. "Fundi mwenyewe, nauliza."

"Bibi, hata ukichungulia mpaka Pugu hutaona mwingine."

Mkwe akacheka, mie sikucheka. Nilimwuliza jina lake, nikamwuliza la baba yake, nikamwuliza la babu yake, akanipa yote bila kununa, huku anafungua mkoba. Moyoni nikasema, leo nyumba inaungua.

Kwanza akaivuta oveni kutoka ukutani. Mkwe alikuwa ameisukuma mpaka ikagota. "Inataka kupumua," fundi akasema, akaacha nafasi ya shibiri nzima nyuma na kandokando. Kisha akaweka juu yake pima maji, ile bomba ya kioo yenye tone la hewa ndani, akaitazama, akapiga mluzi.

"Bibi, sakafu yako imelala upande wa Kisarawe."

"Sakafu hiyo kaijenga mume wangu."

"Basi mzee alikuwa anapapenda Kisarawe."

Akazungusha miguu ya oveni, huu juu, huu chini, mpaka tone likasimama katikati. Akasema oveni ikiinama, uji wa keki nao unainama, unapata keki yenye bega. Halafu akaunganisha ule umeme wake wa nyaya tatu za moto, ambao watu wa umeme walikuwa wameshauvuta mpaka ukutani, akaifungia oveni swichi yake yenyewe. Akatoka nje na fimbo ya shaba akaanza kuipigilia ardhini chini ya dirisha langu.

"Unazika nini hapo?" nikamwuliza. Wallahi nilishtuka.

"Waya wa ardhi, bibi. Umeme ukichachamaa, ushukie huku. Usipite kwa mkweo."

Ilipokwisha akaiwasha tupu. Akasema lazima iwake saa nzima bila kitu ndani, mafuta ya kiwandani yaungue yaishe. Haikupita dakika kumi moshi ukaanza kutoka. Nikapiga kelele, "Moto!" nikabeba ndoo. Alinidaka mkono nikiwa nimeshaiinua.

"Bibi! Maji na umeme hawajawahi kupatana."

Nikaishusha ndoo. Ndipo nikasikia muungurumo ndani ya lile dude, nikauliza ni nini, akanionyesha kupitia kioo. Kule nyuma, ndani ya moto, inazunguka feni.

Jamani! Feni ndani ya moto! Nilitazama, nikamtazama mkwe, nikatazama tena. Mie niliyepigana na upepo miaka arobaini, leo watu wanauziwa jiko lililokuja na upepo wake.

"Ndiyo siri yake," fundi akasema. "Feni inachukua joto inalipeleka kila kona. Trei ya juu na ya chini zinaiva pamoja. Kwa hiyo moto mnapunguza. Mlichozoea kuoka kwa mia na themanini, humu mia na sitini inatosha. Msizibe feni, msitandike karatasi nyepesi, itarushwa. Kila siku ikipoa mnaifuta. Na kioo kikiwa cha moto msikimwagie maji, kitapasuka."

Mkwe aliandika kila kitu kwenye daftari. Mie nililishika neno moja tu: inapeleka kila kona.

Alasiri mkwe alikwenda sokoni kutafuta unga na hamira, na fundi alikwishaondoka. Nikabaki peke yangu na oveni. Nyumba nzima ilikuwa inanuka mafuta ya kiwandani. Na ilikuwa Alhamisi, jioni ya kuamkia Ijumaa.

Kwetu Kilwa kitu kipya hakianzi kazi bila kufukizwa. Nyumba mpya hufukizwa, kitanda cha bi harusi hufukizwa, hata mtungi. Bibi yangu mtungi mpya alikuwa anaufunika juu ya chetezo, moshi wa ubani ukaingia kwenye vinyweleo vya udongo, na maji yake ulikuwa ukinywa unafumba macho. Nikaitazama ile oveni, nikafikiri, hiki nacho ni chombo cha kutia chakula tumboni mwa watu. Kinaanzaje kazi hivihivi, kinanuka gereji? Nilijua mkwe akirudi itabidi nieleze, nami sikutaka kueleza.

Nikatia makaa kwenye chetezo, nikamwaga ubani, tena si haba, nikakiweka ndani kwenye waya wa chini. Nikasema bismillahi nikafunga mlango. Moshi ukajaa kwenye kioo, mweupe, mzuri. Lakini nikaona pembe za juu, kule nyuma, moshi haufiki vizuri. Ndipo akili yangu ikaniletea lile neno. Kama feni inapeleka joto kila kona, itashindwaje kupeleka ubani?

Nikawasha swichi ya ukutani, nikazungusha kitufe kama nilivyomwona fundi.

Mungu wangu! Lilivuma. Chetezo kikapiga kite kikaanguka upande, majivu yakapaa, cheche zikawa zinaruka ndani ya kioo kama vimulimuli, na punje za ubani zinapiga chuma, ta-ta-ta-ta, kama mvua ya mawe juu ya bati. Nikazungusha kitufe huku, likavuma zaidi. Nikazungusha kule, taa ikawaka. Mwishowe nikakumbuka swichi ya ukutani, nikaipiga kwa kiganja kama naua mende, likanyamaza.

Nilipofungua mlango, majivu yakanijia usoni. Nikatoa chetezo kwa kitambaa, nikaokota makaa niliyoyaona, nikafuta kila mahali kwa kanga iliyoloweshwa. Mkwe aliporudi kioo kilikuwa kinang'aa.

"Mama, umefanya usafi?"

"Nimepangusa tu, mwanangu."

Akanishukuru. Alinishukuru, na mie nikapokea.

Ijumaa asubuhi akakanda unga, ukaumuka vizuri, akapanga skonzi kwenye trei akaingiza. Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya kioo. Sijawahi kuona kitu kama kile. Zilifura zote pamoja, zikapata rangi zote pamoja, hakuna iliyotangulia wala iliyochelewa. Nikasahau hata ya jana. Kisha mkwe akafungua mlango.

Harufu ikatoka kama mtu anayetoka ndani kwa hasira.

"Mama, hii harufu gani?"

Akamega skonzi akatia mdomoni, akasimama, akaitema kiganjani. "Chungu!"

Nami nikamega. Nilipoitia ulimini nilimwona bibi yangu amelazwa, amefunikwa, na chetezo miguuni pake. Zile hazikuwa skonzi, yalikuwa matanga. Kanisani kwao mkwe hawafukizi, kwa hiyo hakuijua harufu, akadhani ni waya unaungua. Mie niliijua kabla sijatafuna.

Nikasema, "Labda hamira."

Mpaka leo nikikumbuka neno hilo najistaajabia. Mwanamke mzima wa umri wangu, wajukuu wanne, nasingizia hamira!

Akaoka trei ya pili. Ileile. Akaoka ya tatu. Ileile. Kila oveni ikipata moto, harufu inazidi, maana feni ilikuwa inaipeleka kila kona kama tulivyoambiwa. Mkwe akakaa juu ya kiroba cha unga. Hakulia. Alikuwa anatazama mikono yake tu.

"Kesho saa tatu anakuja, Mama," akasema. "Ofisini wameshampa mtu mwingine kiti changu."

Akachukua simu akampigia fundi. "Njoo uone ulichonifanyia."

Fundi alifika baada ya swala ya Ijumaa, jasho linamtoka. Mkwe hakumkaribisha kiti. "Umeniunguzia waya ndani," alimwambia. "Umenifungia oveni, mkate unakuwa sumu."

Fundi alinusa. Akazima swichi ya ukutani, akangoja chuma kipoe, akaingiza kichwa na bisibisi akaanza kufungua kile chuma chenye matundu kinachoikinga feni. Mkwe alikuwa amesimama kando na simu yake. Mie nilikuwa nyuma ya fundi, niliona yote. Kinga ilipotoka, zile koili za moto zilikuwa zimegandiwa na utomvu, rangi ya asali ya nyuki wadogo, na nyuma ya panga la feni kimelala kipande cha mkaa saizi ya ukucha wa kidole gumba.

Oveni ya umeme, na ndani yake mkaa. Hata mtoto angejua.

Fundi akageuza shingo akanitazama. Sikuweza kuondoa macho. Kisha akaufumbata ule mkaa, akauingiza mfukoni mwa ovaroli.

"Dada," akamwambia mkwe, "kosa ni langu. Sikuiwasha tupu muda wa kutosha. Mafuta ya kiwandani yamebaki nyuma ya feni. Nitayatoa."

Nikabaki kuutazama ule mfuko wa ovaroli.

"Kosa lako!" mkwe akasema. "Unasema hivyohivyo, mdomo mkavu? Mimi niliwaambia wenzangu wote wanaooka, kwenye kundi letu, jamani nimepata fundi mwanamke mwenzetu, mtafuteni. Sasa nawaandikia. Nataja jina lako, wakujue."

"Andika tu, dada," fundi akasema, akarudisha kichwa ndani ya oveni.

Kidole gumba cha mkwe kilikuwa tayari kinagonga kioo cha simu. Mie nilikuwa nalijua lile jina. Nililiuliza mwenyewe, la kwake, la baba yake na la babu yake, na nikaliuliza kwa dharau. Mtu niliyemchungulia nyuma kutafuta fundi wa kweli sasa analitupa jina la ukoo wake barabarani ili mie nisiaibike mbele ya mkwe wangu. Na wala hakuniomba kitu.

"Usiandike," nikasema.

"Mama, niache."

"Usiandike! Ni mie. Niliifukiza ubani."

Kidole kikasimama. "Umefanya nini?"

"Jana, ulipokwenda sokoni. Nilitia chetezo ndani. Tena nikawasha feni."

"Feni! Ya nini?"

"Ufike kila kona."

Fundi alikuwa bado ameinama na mabega yanamtetemeka. Nikadhani analia kwa kuonewa. Kumbe anacheka, amejiziba mdomo kwa mkono mchafu. Mkwe hakucheka. Alinitazama muda mrefu, uso hauna kitu, mpaka nikatamani anitukane.

"Mama," akasema. "Vua ushungi. Shika brashi."

Miaka kumi na moja hajawahi kuniamrisha. Hata "sogea" alikuwa anaanza na "samahani." Nikavua ushungi, nikashika brashi.

Fundi alisema maji hayatoi utomvu. Akatutuma spiriti, ile wanayokupaka kabla ya sindano, tukalowesha vitambaa tukafuta koili moja moja, panga la feni, matundu ya kinga, ukuta wa nyuma. Kila kitambaa kilitoka cha njano. Alituzuia kabisa kuiwasha kabla spiriti haijakauka yote na hewa haijapita, maana nayo inashika moto. Kwa bahati, mlango wa sebule haukuwapo, hewa ilipita itakavyo. Mkwe alifuta upande wake bila kusema nami. Ila fundi alipokuwa anarudisha skrubu za mwisho, mkwe akamwambia, "Dada, nisamehe."

"Yameisha, dada. Kwetu Tanga mama yangu naye angefanya hivyohivyo. Ila yeye asingesema."

Wakaiwasha tupu mara mbili, na mara ya pili moshi haukutoka. Mkwe akaoka skonzi sita za majaribio. Akanusa, akamega, akatafuna, akamkabidhi fundi nusu. Mie hakunipa, nami sikuomba.

Jumamosi mwenye duka alikuja saa tatu kasoro, kanzu nyeupe, fimbo mkononi. Mkwe alikuwa ameamka saa kumi. Trei ilikuwa mezani imefunikwa kitambaa. Yule mzee hakula haraka, maana ni mtu wa biashara. Alichukua skonzi akaigeuza chini akatazama tako lake, akaipasua, kisha akaipeleka puani.

Nilishika ukingo wa meza. Yeye kazaliwa na ubani. Harufu iliyompita mkwe isingempita yeye, hata iwe ya punje moja.

Akanusa. Akanusa tena. Akala yote, akachukua nyingine kutoka pembe ya nyuma ya trei, akala nusu.

"Bi mkubwa," akaniambia mie, "mkweo ana mkono. Zimeiva sawa kote." Akamgeukia mkwe. "Jumatatu. Mia nne. Kabla ya saa kumi na mbili."

Alipotoka mkwe alikwenda uani, akakaa chini akaweka kichwa magotini. Nilisimama mbali. Sikujua kama naruhusiwa kusogea.

Jumapili aliniamkia shikamoo, nikaitikia, ikawa basi. Jumatatu vilevile. Tulibeba trei pamoja alfajiri kama watu waliokutana kituoni. Jumanne mchana oveni ilikuwa imepoa, tunaifuta, yeye ndani, mie nafuta mpira wa mlango, maana fundi alisema mpira ukishika makombo mlango haufungi sawasawa na joto linatoroka. Bila kunitazama akauliza:

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe ni mtu wa kanisa, umesoma. Nilijua utasema mama mkwe wangu mchawi."

Akatoa kichwa nje ya oveni. "Mchawi? Mama, bibi yangu kule Njombe akipata jiwe jipya la kusagia, lazima alimwagie ulanzi kwanza ndio asage."

"Ulanzi si pombe?"

"Pombe."

"Analimwagia pombe jiwe la unga?"

"Kata nzima. Na nyingine anakunywa yeye."

Kitambaa kilinidondoka. Nikamtubia Mungu kwa niaba ya bibi wa watu. Miaka kumi na moja tunakula chungu kimoja, najua jina la bibi huyo na la mama yake, na habari hii sijawahi kuisikia.

"Sasa huo unga," nikauliza, "ulikuwaje?"

"Mtamu," mkwe akasema, na mdomo ukaanza kumcheza. "Ila siku ya kwanza kuku walilewa."